Mwisho wa Katuni Ambao Gatina Haijawahi Kuuona

Kwako Mama Phanice wa ukurasa wa ushauri,

Niaje mathe, kabla hujaniuliza mimi ni nani acha nikuambie mwenyewe, kwa sababu ukimwuliza mtu mwingine hapa mtaani atanipunguza: jina ni Kimanzi, lakini hilo hutumiwa na mama yangu peke yake akiwa amekasirika, kwa watu wengine wote kuanzia soko la Kawangware mpaka ndani kabisa huku Gatina mimi ni DJ Kipaza, mdomo unaozidi spika, yule anayetafsiri katuni kila Jumamosi kwa ukumbi wa video wa Mulwa, watoto wakiwa wamebanana kwa mabenchi mpaka wengine wanakalia magoti ya wenzao, na ukiona nimeshika kalamu badala ya maiki ujue mambo yamenifika hapa shingoni, kwa maana mambo mengine yote mimi huyamaliza kwa mdomo.

Kazi yenyewe, kama hujui, ni hivi: katuni inakuja na kizungu, watoto kizungu chao ni kile cha kusalimia mwalimu, basi mimi nasimama kando ya skrini, napunguza sauti ya wenyewe, natia yangu, sungura akifungua mdomo ni mimi, ndovu akilia ni mimi, mvua ikinyesha ni mimi pia. Shule niliachia Form Two na mwalimu wa Kiingereza alisema sitafika mahali, sasa mtoto wake hukaa benchi ya mbele kunisikiliza mimi na nyumbani anamwiga baba yake kwa sauti yangu, kwa hivyo hebu tuseme nani amefika.

Na usidhani ni kelele tupu mathe. Watu wakubwa wakiona katuni wanasema ni vitu vya watoto, wanyama wanarukaruka, lakini mimi nimesimama karibu na hizo skrini vya kutosha, nakuambia zile vitu zimebeba mambo mazito kuliko mahubiri ya Jumapili, kila moja ina mtoto aliyepotea, ama mzazi aliyekufa, ama mtu anayechekwa kwa sababu hafanani na wengine, na mtoto wa Gatina anayajua hayo yote kabla hajajua kufunga kamba ya kiatu, ndiyo maana ananyamaza. Hata mimi nilikuwa najiona kama pasta wa wadogo. Sasa sikiza huyo pasta amefanya nini.

Kuna katuni moja ndiyo ilinifanya mfalme. Mtoto wa nungunungu amebebwa na mafuriko, anaamka kwenye msitu asioujua, peke yake, anaanza kutembea akimtafuta mama yake, na kila anapokwenda kuna fisi jike anamfuata nyuma, mzee, mgongo umepinda, jicho moja jeupe kama maziwa, haongei neno, anakoroma tu na kukohoa gizani. Sasa mimi nitafanya nini na fisi asiyeongea? Ukumbi umejaa, watoto wananiangalia, lazima awe na sauti, na mimi huwa siangalii muvi kabla ya kuitafsiri, hiyo ni kazi ya waoga, mimi natafsiri nikiona na nikiona natafsiri. Nikatafuta sauti haraka kichwani, nikaipata hapo mlangoni.

Nje ya ukumbi wetu kuna mama anaitwa Mukai, anauza makaa kwa mikebe, alitoka Kitui zamani kabla mimi sijazaliwa, magunia yamempinda mgongo, lile vumbi jeusi limempa kikohozi ambacho hakiishi, na jicho moja limefunikwa na mtoto wa jicho likawa jeupe. Kiswahili chake kimejaa Kikamba, akikuita anasema, "Kamwana, kuja hapa!" yaani wewe kijana njoo, hata kama ana neno jema la kukuambia utadhani anakushika mwizi. Basi mimi nikampa fisi ile sauti yote, na kikohozi juu yake, nikamwita Susu Makaa, susu ni nyanya kwa Kikamba. "Kamwana, kuja hapa! Khoo, khoo! Hebu nione, mifupa yako imekuwa laini?" Mama Phanice, hiyo Jumamosi ukumbi ulipasuka. Watoto walipiga kelele mpaka Mulwa mwenye ukumbi akakimbia ndani akidhani moto umeshika. Na tangu siku hiyo wanaitaka hiyo hiyo, watu wanarekodi na simu, ikavuka mpaka Kibera, huko Sarang'ombe watoto ambao hawajawahi kuniona wanajua kukohoa kama Susu Makaa.

Mwanzoni nilicheka, nikajipiga kifua, nikisikia watoto wanacheza mchezo wa Susu Makaa barabarani nasema huo ni umaarufu. Halafu nikaanza kuona kitu. Mtoto akitumwa makaa anapita mbali, anaruka mtaro, anaenda kwa muuzaji wa upande ule mwingine. Wadogo wakimwona Mukai wanapiga nduru, "Susu Makaa, usitule!" wanatoroka. Kuna kasichana kanaitwa Ngina ndiko kiongozi, kanaimba, wengine wanaitikia. Mmoja akamrushia maganda ya muwa. Mama zao wakachoka kubembeleza, wakahamia kwa muuzaji mwingine. Na hapo ndipo wakubwa wakaanza yao, hawaji ukumbini, hawajui katuni, wao wanaona tu mwanamke mzee anayekimbiwa na kila mtoto, wakaanza kuulizana, kwani huyu ana nini, mtoto huwa anaona vitu ambavyo sisi hatuoni. Unajua maneno kama hayo huishia wapi. Mwenye ploti, yaani mwenye kile kiwanja anachouzia, akamwambia Mukai atafute mahali pengine pa kuuzia, na yeye akasema atarudi Kitui mwezi ukiisha.

Sasa ngoja nikueleze kitu cha aibu zaidi. Hiyo katuni, mwisho wake sikuwa nimewahi kuuona. Hakuna mtu Gatina amewahi kuuona! Kila Jumamosi ikifika saa kumi na moja Mulwa anazima, kwa sababu mpira unaanza na wanaume wamejaa mlangoni na jezi zao, basi mimi nafunga hapo hapo nungunungu akiwa amebanwa kwenye mwamba na fisi anakuja, nasema, "Je, Susu Makaa atamla? Jijazieni wenyewe!" watoto wanatolewa nje na hofu yao, na mimi nilikuwa naona hiyo ni sanaa.

Juzi nikapigiwa simu na ticha Everlyne, anafundisha watoto wa Sunday school kule Sarang'ombe, akaniambia wana siku kubwa ya watoto, wamepata skrini kubwa, wananitaka nije na ile ya nungunungu. Halafu akasema:

"Ule mwisho wake, DJ, mimi hulia kila mara."

"Hata mimi ticha. Naliaga vibaya."

"Sehemu gani hukuliza zaidi?"

"Ile... ya mwisho mwisho."

"Ya jicho?"

"Hiyo hiyo ya jicho! Usinikumbushe, ticha, niko mbele ya watu."

Nilikuwa peke yangu kwa keja, hako kachumba kangu, nikiwa nimekaa juu ya ndoo. Nikatafuta ile katuni kwa simu, nikaipeleka mpaka mwisho, jirani yangu Billy ambaye alimaliza Form Four akinisomea kizungu, na mathe, ile kitu ilinipiga. Anayekuja pale kwenye mwamba ni chui. Fisi anaruka katikati, anasimama hapo na mgongo wake uliopinda mpaka chui anaondoka. Halafu wanakurudisha nyuma, usiku wa mafuriko, unaona nani alimtoa nungunungu majini na meno yake polepole bila kumuumiza, na gogo linakuja na maji linampiga usoni, ndiyo jicho. Na kile kikohozi, kila alipokohoa kulikuwa na nyoka karibu, ama daraja limeoza, alikuwa anamwamsha mtoto. Halafu fisi anaongea, mara moja tu filamu nzima: "Nilikuwa nakusindikiza nyumbani." Billy akajifanya moshi umemwingia machoni na hatukuwa tumewasha jiko.

Nikatoka nje nipate hewa. Nikasikia, "Kamwana, kuja hapa." Nakuapia ilikuwa mara ya kwanza kuisikia hiyo sauti bila kuifanya mzaha kichwani. Nikaenda. Mukai akafuta stuli na leso yake nikae, akaniambia, "Wewe watoto wanakusikia. Hebu waulize kwa ajili yangu, nimewakosea nini? Kama kuna kitu nilisema kibaya, niwaombe msamaha. Nisirudi Kitui bila kujua."

Nikasema, "Sawa susu, nitawauliza." Nikaondoka mbio, mimi, Kipaza, nikaruka mtaro kama wale watoto.

Sasa ndiyo nakuuliza mathe. Billy anasema nitupe hiyo katuni nilete nyingine, watoto watasahau. Mulwa anasema nikimgusa Susu Makaa nisirudi ukumbini kwake. Sarang'ombe wamechora bango, fisi mkubwa na jina langu, watoto wanajiandaa kumzomea, na siku hiyo nitapanda jukwaani pamoja na Walubengo, mtafsiri wa Kibera ambaye amekuwa akisema kila mahali kwamba Kipaza hajui kizungu na huwa anajitungia, na watoto ndio watachagua kwa kelele nani mkali. Nikisema ukweli pale, nimempa Walubengo ushindi mkononi, jina nililojenga linaanguka mbele ya watu. Nikinyamaza, nitashinda, ninajua nitashinda, lakini Mukai ataenda Kitui akijiuliza amewakosea nini. Na je, ni lazima nimwambie yeye mwenyewe, ama yatosha niwarekebishe watoto kimyakimya?

Nijibu haraka, siku yenyewe iko karibu.

Ni mimi DJ Kipaza, sauti ya Gatina, kwa sasa imeshuka kidogo.

MAMA PHANICE ANAJIBU

Kimanzi. Nitakuita Kimanzi, kwa sababu umeniambia mwenyewe mama yako hutumia jina hilo akiwa amekasirika.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikacheka mpaka wenzangu ofisini wakaniuliza kuna nini. Niliporudia mara ya pili, nilipofika pale mama wa watu anafuta stuli ili ukae, niliweka kikombe chini. Una kipawa, kijana, hilo silikatai. Mtu anayeweza kumpa fisi wa kuchorwa uhai mpaka mtaa mzima unaruka mitaro si mtu wa kawaida. Lakini kipawa hicho umekitumia kama mtu aliyepewa panga akaanza kulizungusha sokoni huku amefumba macho.

Unasema wewe ni pasta wa wadogo. Pasta gani anahubiri kitabu ambacho hajakimaliza? Hizo filamu za watoto unazosifu, waliozitengeneza wanajua wanachofanya. Wanakuogopesha na mtu mwanzoni ili mwishoni uone haya kwa kumwogopa. Somo lote liko pale kwenye haya. Wewe umewauzia watoto woga, ukawatoa nje kabla ya haya kufika, kisha ukauita sanaa. Na tusidanganyane kwamba ni kosa la mpira. Mpira haukuchukua sauti ya Mukai. Watoto hawajawahi kuona fisi Gatina. Waliyemtambua ni jirani yao.

Kwa hivyo swali lako la mwisho ndilo la kwanza. Ndiyo, utamwambia yeye mwenyewe, na utamwambia kabla ya mtoto yeyote. Usimtume Billy, usipige simu, usiende na maiki wala wimbi la marafiki. Nenda asubuhi akiwa anapanga mikebe, kaa kwenye ile stuli aliyokufutia, useme: sauti ya fisi ni yako, mimi ndiye niliyeichukua, hukuwakosea watoto chochote. Usianze na "samahani kama umeumia." Ameumia, unajua. Ukimaliza kusema, nyamaza. Akitaka kukutukana, pokea. Akitaka kulia, kaa hapo. Usimfanyie kichekesho ili mambo yapoe, nakujua hata kama hatujaonana.

Jambo la wakubwa wanaonong'ona ndilo linalonitia hofu, na wewe umelipitia haraka. Mwanamke mzee, jicho jeupe, peke yake, watu wanaulizana ana nini. Hiyo si katuni tena, Kimanzi. Nenda kwa mwenye ploti pamoja na akina mama wawili watatu wa pale wanaoheshimika, umweleze mbele yao kwamba chanzo ni wewe na maiki yako. Fanya hivyo kabla ya kwenda kutafuta makofi Kibera.

Kisha ukumbi. Mwambie Mulwa mtaanza mapema watoto wakishakula, muvi iende mpaka mwisho. Akikufukuza, umefukuzwa. Lakini hatakufukuza. Mtu hamfukuzi anayemjazia mabenchi, anamtisha tu, na wewe mpiga domo mzima umetishika.

Sarang'ombe nenda na filamu hiyo hiyo. Walubengo akisema hujui kizungu, mwambie ni kweli. Utashangaa jinsi neno hilo likishatoka mdomoni mwako linavyokosa nguvu mdomoni mwake. Na fisi akifungua mdomo pale mwishoni, wewe funga wako. Usitafsiri. Waache watoto waone kwa macho yao. Najua nakuomba kitu ambacho hujawahi kufanya tangu uzaliwe.

Mukai usimburute jukwaani kama kielelezo. Mwalike kama mgeni, kwa heshima. Akikataa, amekataa. Na huyo mtoto wa jicho huwa anatibika, hospitali hufanya upasuaji, watu wanarudi nyumbani wakiona. Muulize kama ameshaenda kuangaliwa, na kama hajaenda, wewe una miguu ya kumsindikiza.

Na kuanzia leo, angalia filamu kabla ya kuitafsiri. Kuogopa kukosea mbele ya watoto si woga, ndiyo kazi yenyewe.

Phanice

ALICHOTUANDIKIA KIMANZI BAADA YA MAJUMA MACHACHE

Mama Phanice, kaa chini tena, na hicho kikombe kiweke mbali kabisa.

Nilienda asubuhi kama ulivyosema. Nikakaa kwa stuli, nikasema yote, nikanyamaza, na mathe kunyamaza ni kazi ya mjengo, kama kubeba mawe. Mukai hakulia na hakutukana. Aliniangalia na lile jicho zima, halafu akasema, "Hebu ifanye."

"Nini, susu?"

"Hiyo sauti. Fanya nisikie."

Nikakataa, wewe ulinikataza vichekesho. Akasema si ombi. Basi nikaifanya, polepole, nikitaka ardhi inimeze, "Kamwana, kuja hapa, khoo, khoo." Akasikiza mpaka mwisho. Akachukua kipande cha makaa akanitwanga nacho kifuani, nilikuwa nimevaa shati jeupe. "Hicho ni cha watoto," akasema. Akachukua kingine. "Hiki ni cha mwenye ploti." Halafu akakohoa, akapangusa mdomo, akasema, "Na mimi sikohoi hivyo."

Kwa mwenye ploti tulienda na mama yake Ngina na mwingine wa kanisani. Nikajieleza na shati langu jeusi kifuani. Yule mzee alicheka, halafu akaacha kucheka, akasema Mukai akae pale pale alipo, na atakayesema upuuzi juu yake aje aseme kwake.

Mulwa alinitisha, kama ulivyosema. Nikamwambia basi nafungua ukumbi wangu nje ya mlango wake, akaanza kupanga mabenchi. Jumamosi hiyo tukaanza mapema, lakini stima ikapotea, skrini giza, ikarudi baadaye kidogo, kwa hivyo saa kumi na moja ilitukuta nungunungu akiwa kwenye mwamba. Wanaume wakaingia na jezi zao. Mmoja mkubwa, fundi wa mabati, akasema, "Toeni hiyo, mpira umeanza!" Hapo chui akatokea. Fundi akajibana kwenye benchi ya nyuma. Ilipofika ile ya jicho, hakuna mtu Gatina aliyeuliza mpira. Fundi alikuwa amevua kofia, anajifuta nayo. Mpira ulitupita nusu ya kwanza yote na hakuna aliyedai.

Watoto walitoka nje kama watu wanaotoka matangani. Ngina akasimama mbele ya makaa ya Mukai, mbali kidogo, vidole mdomoni. Mukai akamwambia, "Wewe ndiye ulikuwa unaimba?" Ngina akatingisha kichwa kwamba ndiyo. "Una sauti nzuri. Kuja hapa." Na akaenda, mathe. Akaenda.

Sasa Sarang'ombe. Nilimwalika Mukai kwa heshima, akasema atakuja kuangalia tu na nisimguse na maiki yangu. Akakaa benchi ya mbele na leso mpya, kando ya ticha Everlyne. Walubengo akaanza, na nitakuwa mkweli kwa sababu sasa mimi ni mtu wa ukweli, jamaa ni mkali. Alipomaliza akanipa maiki akasema mbele ya umati wote, "Karibu Kipaza, utuambie leo umetunga nini, maana kizungu tunajua huna."

Nikasema, "Ni kweli. Sina." Umati ukacheka. Nikasema, "Na hii katuni nimewatafsiria vibaya siku zote. Fisi nilimtupia uongo. Leo mtauona mwisho, na mimi pia nitauona na nyinyi." Walubengo alikuwa ameweka matusi mengine tayari, nilimwona akiyameza.

Wakazomea Susu Makaa mwanzo mpaka katikati, kama nilivyowafundisha mwenyewe, na kila kelele nikaisikia. Akaja chui. Likaja gogo. Ile kelele ikapungua, ikapungua, mpaka ukasikia mtoto akivuta kamasi. Na fisi akafungua mdomo, nami nikashusha maiki nikafunga wangu. Watoto wananiangalia, wananingoja. Nikauma ulimi.

Kwenye ule ukimya, kutoka benchi ya mbele, bila maiki, tukasikia:

"Kamwana, kuja hapa. Mimi nilikuwa nakusindikiza nyumbani tu."

Na khoo moja nyuma yake, ile ya kweli.

Mama Phanice, sijawahi kusikia kelele kama hiyo na sitaisikia tena. Mabati yalilia. Watoto wakasimama juu ya mabenchi, mmoja akapaza, "Ni yeye! Ni Susu Makaa mwenyewe!" wakamiminika mbele, safari hii hakuna aliyekuwa anatoroka. Walubengo, na kwa hili nimemsamehe yote, aliruka kutoka jukwaani akampelekea Mukai maiki. Mukai akaishika akaiangalia kama mkebe usiojaa, akasema, "Kelele! Sasa mnapiga kelele nini na sijamaliza?" Wakanyamaza wote, papo hapo. Mimi huchukua nusu saa kuwanyamazisha.

Ulipofika wakati wa kuchagua nani mkali, ticha Everlyne akataja Walubengo, wakapiga kelele. Akanitaja mimi, wakapiga zaidi, andika hapo, zaidi. Halafu kuna mtoto akasema, "Na yule susu?" na sisi wawili tukawa tumeshindwa mbele ya watu na mama wa makaa. Tulimbeba Mukai, Walubengo upande huu na mimi upande ule, yeye akitupiga vichwani na leso akisema tumwangalie mgongo.

Kitui hajaenda. Kaenda kliniki ya macho, nilimsindikiza, wamempa siku ya kurudi kutolewa ule weupe. Pale kwake kuna kibao sasa, Billy ndiye alichora: SUSU MAKAA. Alilitaka jina libaki, anasema lilishalipiwa. Akina mama wamerudi, na watoto wakitumwa makaa wanapigana nani aende, kwa sababu akikupimia mkebe lazima akuite kwanza ile ya fisi.

Mimi bado ni mfalme wa Gatina, usiwe na wasiwasi. Katuni mpya naangalia kwanza mpaka mwisho, na Everlyne ananisomea kizungu, na hilo la Everlyne nitakuandikia barua nyingine likifika mahali. Ila Jumamosi iliyopita nimesimama kando ya skrini, fisi ametokea, nimetia ile sauti yangu yenyewe, kikohozi na kila kitu, nikingoja kicheko, na Ngina akanyoosha mkono kutoka benchi ya mbele kama yuko darasani.

"DJ," akasema, "hakohoi hivyo."